Isale Wodini

Hakuna aliyemlazimisha Yuditha kusomea uuguzi, na hilo ndilo lililokuwa likimuudhi zaidi siku zile. Angelazimishwa, angepata wa kumlaumu. Lakini aliutaka mwenyewe. Aliupigania nyumbani kwao Machame mbele ya wajomba waliouliza nesi anakwenda kuchukua digrii ya nini, kwani sindano ya mwenye digrii inauma kidogo kuliko ya mwenye cheti? Akawajibu, akacheka nao, akashuka Moshi na sanduku lake. Sasa alikuwa mwaka wa tatu, miguu inamwaka moto, mgongo unamlalamikia, na usingizi amebaki kuusikia kwa wagonjwa wanaokoroma.

Hata hivyo uchovu wa miguu una dawa. Unaitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi, basi. Uchovu uliokuwa unammaliza Yuditha ulilala kwenye kitanda cha dirishani, wodi ya upasuaji ya akina mama, ghorofa ya pili, ukiwa na rozari mkononi na rovu kubwa shingoni. Uchovu huo uliitwa Mama Salvina, mwanamke wa Rombo, mama yake Jovin.

Jovin ni nani? Tusizunguke. Jovin ndiye mwanamume ambaye Yuditha alimpenda mpaka akasahau kuwa kuna wanaume wengine duniani. Alikuwa na duka la spea za magari pale Himo, mikono yake ilinuka grisi hata Jumapili, na alikuwa na macho ambayo akikutazama unajiona umevaa vizuri. Mwaka uliopita, kahawa ilipokwisha kuvunwa, walikubaliana ukoo wake uje Machame kuposa. Mzee Efraimu, baba yake Yuditha, mzee wa kanisa la Kilutheri asiyecheka ovyo, alichinja mbuzi aliyefugwa ndani. Mama wakubwa na wadogo walipika machalari ya ndizi na nyama kwa masufuria. Wazee wa ukoo walikaa uani kwenye viti vilivyoazimwa kanisani, wakangoja. Chakula kikapoa, kikapashwa moto, kikapoa tena. Kutoka Rombo hakuja mtu, wala hakuja hata mtu wa kuleta habari kwamba hakuna mtu anayekuja. Jua lilipozama Mzee Efraimu alisimama, akafunga kwa sala kikao ambacho hakikuanza, kisha akasema Mrombo asikanyage tena kihamba chake, shamba la ukoo lililozunguka nyumba.

Siku ya tatu ndipo Jovin akapiga simu ofisi ya chuo. "Mama amekataa," alisema. "Hataki mkwe Mlutheri." Yuditha aliweka simu chini, akarudi darasani, akaendelea kuandika anachosema mwalimu mpaka kipindi kikaisha. Jioni ndipo alipolia.

Sasa ilikuwaje akaangukia kitanda cha dirishani? Chuoni kwao, chuo cha kanisa, kila mwanafunzi wa mwaka ule alipewa mgonjwa mmoja amhudumie kikamilifu, mwili, akili na roho. Aliyewagawia ni Mwalimu Eliaichi, mama mfupi mwenye sauti ya upole isiyokubali ubishi.

"Mgonjwa huyu ni wako wote," alimwambia. "Si shingo yake tu. Ujue anakula nini, anamwogopa nani, anamwomba Mungu kwa namna gani. Ukimpa vidonge ukamwachia mzigo wake, umemfunga bandeji juu ya nguo."

Siku ya kwanza tu, kipimajoto kikiwa bado kwapani, mgonjwa alianza kujisifia. "Nina mwanangu Jovin, ana duka la spea Himo. Yule ndiye mkongojo wangu." Yuditha akajua palepale. Njia iliyonyooka ilikuwa kwenda kwa mwalimu aseme, huyu siwezi, nipe mwingine. Hakwenda. Tuseme ukweli, alitaka kuona mwanamke aliyemshinda anafananaje. Mama Salvina hakuwa amewahi kumtia machoni, na miwani yake ilibaki Rombo. Yuditha akavaa sweta juu ya kitambulisho chenye jina lake, akajitambulisha kuwa ni mwanafunzi, basi. Kila saa ya kuona wagonjwa ilipokaribia, alijipa kazi ya kupeleka vyombo kuchemshwa ghorofa ya chini, akajichelewesha huko mpaka ahakikishe wageni wameondoka.

Shida ni kwamba mwanamke aliyemshinda hakufanana na adui. Alikuwa mcheshi, aliwagawia wenzake wodini ndizi mbivu, na alimwita Yuditha "mwanangu". Inachosha sana kumchukia mtu ambaye kila asubuhi anakuuliza kama umekula.

"Imepanda tena," Yuditha alimwambia mwalimu wake mchana ule, kwenye korido, mashine ya presha ikiwa kwapani.

"Dawa anameza?"

"Anameza mbele yangu."

"Basi kuna kitu kimemkaa moyoni." Mwalimu Eliaichi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Daktari amemwahirishia upasuaji mara mbili. Kesho ikiwa hivi anamrudisha nyumbani, na lile rovu limeshaanza kumbana pumzi. Kakae naye. Usimhoji kama polisi. Kaa tu."

"Mwalimu, nimechoka."

"Najua. Kakae ukiwa umechoka hivyohivyo."

Alipoingia, Mama Salvina alikuwa ameegemea mito, anatazama nje asichokiona vizuri. Chini ya dirisha lile ilipita barabara kuu. Upande wa hospitali yalisimama magari ya kwenda Himo na Rombo. Ng'ambo, chini ya mjakaranda, yalisimama ya kwenda Machame.

"Umekuja na mashine yako ya kunitisha?"

"Nimeiacha kwenye meza kule, mama. Nimekuja kukaa."

"Kaa basi. Umekula?"

"Bado kidogo."

"Bado kidogo ni hapana. Haya, tusali kwanza, halafu nitakupa ndizi."

Walifundishwa kwamba mgonjwa husaliwa kwa imani yake, si kwa imani ya nesi. Kwa hiyo Yuditha, aliyekulia kwenye kwaya ya Kilutheri, alimwomba Monica, Mkatoliki waliyelala naye chumba kimoja bwenini, amfundishe Salamu Maria wakiwa wanafua. Sasa akashika upande mmoja wa rozari, mgonjwa akashika mwingine, wakaanza. Hawakufika mbali. Mama Salvina alifumbua jicho moja.

"Mwanangu, unasali kama mtu anayesoma matangazo. Wewe si Mkatoliki."

"Hapana, mama. Mimi ni Mlutheri."

Vidole vya mgonjwa vilisimama kwenye punje. "Siku zote hizi?"

"Tangu kuzaliwa."

"Na unanisalisha rozari?"

"Anayeumwa ni wewe, mama. Ningekusalisha ya kwangu, ningekuwa najihudumia mwenyewe."

Mama Salvina akainamia rozari. Yuditha alidhani amekasirika, kumbe machozi yanamtoka, yanashuka taratibu na kuzunguka lile rovu yakitafuta njia. Akampa kitambaa. Hakuuliza kitu, maana aliambiwa akae, na kwa kweli hakuwa na nguvu ya kuuliza.

"Kuna binti wa watu," mama yule alisema hatimaye. "Mlutheri kama wewe. Mwanangu alimpenda. Ukoo ulishajiandaa kwenda kwao, nguo zimepigwa pasi, na pombe ya mbege ya safari iko tayari. Asubuhi nikagoma kuinuka kitandani. Nikasema mkienda, mkirudi mtanikuta maiti. Sikuwa naumwa hata ukucha. Nilikuwa mwenyekiti wa akina mama pale kigangoni, nikawaza watasema nini, Salvina anamwoza mwanawe kwa Walutheri. Nikawazuia wote. Hata aliyetaka kwenda kutoa habari nilimzuia, kwa sababu nilijua akienda mmoja, wengine watamfuata."

Yuditha alitazama mikono yake mwenyewe. Ilikuwa imetulia mapajani kama ya mtu mwingine.

"Nilikuja kuambiwa baadaye, sokoni Tarakea. Wale watu walichinja, mwanangu. Walipika. Wazee wakakaa kwenye viti mpaka jua likazama. Sasa kila nikifumba macho naona viti. Kila mzee ameshika fimbo yake, ananitazama. Padre nimemwambia, ameniondolea mbele ya Mungu. Lakini wale wa kwenye viti hawajaniondolea. Nikifia pale mezani kwa daktari, naondoka na neno la watu."

"Hutafia mezani, mama."

"Hujui. Leo nimemwagiza mwanangu aje na isale."

Isale ni lile jani refu la mmea tunaopanda mipakani mwa vihamba. Mchagga akikukosea, akakuletea jani hilo limefungwa fundo, ugomvi umekwisha. Hata kama amekuvunja mguu, humrudishi nalo nyumbani.

"Nataka alipeleke kwa baba yake yule binti," Mama Salvina aliendelea. "Sijui kama atakubali kwenda. Anaogopa. Wewe kwenu ni wapi?"

Walutheri wamejaa mlima mzima. Angeweza kusema Marangu, angeweza kusema Mamba, na siku ingeendelea. Lakini hata uongo unataka mtu mwenye nguvu.

"Machame, mama."

"Machame." Pumzi ilimkwaruza kooni. "Binti wa nani?"

Watu wa mlimani hawana haraka na jina lako. Wanauliza wewe ni wa nani, na ukishajibu hilo, huna tena pa kujificha.

"Wa Mzee Efraimu," Yuditha alisema, akafungua vifungo vya sweta, kitambulisho kikaonekana. "Mimi ndiye Yuditha."

Mama Salvina hakupiga kelele. Aligeuza uso dirishani, kifua kikapanda na kushuka, na Yuditha akamshika mkono haraka akitafuta mapigo. Hofu ilimjaa. Alijiona amemuua mgonjwa wake kwa ukaidi wa kutaka kujua mshindi wake anafananaje.

"Nimekukosea, mama. Nilitakiwa kukwambia siku ya kwanza."

"Nyamaza."

"Mama, presha yako..."

"Nyamaza, mwanangu. Sogea nikutazame."

Alimvuta kwa mkono mpaka nyuso zikakaribiana, akamtazama kwa macho yake yasiyo na miwani, paji la uso, mashavu, mdomo, pole pole, kama anayechagua maharage ya mbegu.

"Kumbe ndiye huyu," alinong'ona. "Na mimi nimekesha nikimwomba Mungu ampe Jovin mke mwenye moyo kama wa yule nesi."

Kengele ya kuona wagonjwa ikalia. Safari hii Yuditha hakuchukua chombo chochote. Si kwamba alikuwa jasiri, miguu tu ilikataa.

Jovin aliingia na chupa ya mtori, supu nzito ya ndizi, mkono mmoja na kikapu mkono mwingine. Alikuwa amekonda. Hatua mbili kabla ya kitanda aliinua macho, na macho yale yale yakamkuta Yuditha amekaa kando ya mama yake, mikono yao imeshikana. Chupa nusura imponyoke. Wakatazamana. Mwaka mzima Yuditha alikuwa amejifundisha atakavyomtazama siku watakapokutana, kwa dharau, kwa ubaridi, bila kupepesa. Vyote vilimtoka. Alimtazama kama mtu mwenye kiu anavyotazama maji.

"Yudi..."

"Usimwite," mama yake alimkatiza. "Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe nilichokuagiza."

Jani lilikuwa limeviringwa kwenye gazeti, kijani, bado na umande wa Rombo. Mama Salvina alilifunga fundo mwenyewe, kisha akaanza kushusha miguu sakafuni.

"Mama, huruhusiwi kusimama," Yuditha alisema.

"Isale halitolewi na mtu aliyelala. Wewe umenihudumia kwa dini yangu, niache nikuombe radhi kwa mila yetu."

Akasimama peku kwenye sakafu ya wodi, gauni la hospitali likimwelea, wagonjwa wa vitanda vya jirani wameacha kutafuna. Alilishika jani kwa mikono miwili.

"Mimi Salvina niliwakalisha wazee wenu bure. Nilimwaibisha baba yako mbele ya ukoo wake, na wewe mbele ya moyo wako. Nimekosa."

Je, mnajua ni vigumu kiasi gani kuachilia hasira uliyolala nayo mwaka mzima? Ndiyo iliyokuwa inamwamsha Yuditha alfajiri na kumsimamisha kutwa. Akiitoa, atasimamia nini? Lakini mbele yake alisimama mwanamke mzima, peku, na jani lilikuwa limeshanyooshwa. Akalipokea kwa mikono miwili, akalia waziwazi, na sare yake ikalowa kifuani.

"Nimelipokea, mama. Na baba nitampelekea. Hatalikataa."

Akamrudisha kitandani, akamfunika miguu. Kisha akatoka barazani kutafuta hewa, na Jovin akamfuata na ile chupa yake. Uso wake ulishaanza kung'aa.

"Basi yamekwisha, Yudi. Ashukuriwe Mungu, yamekwisha."

"Ya mama yako yamekwisha."

"Una maana gani?"

"Mama yako alikataa. Alikuwa na woga wake na amenieleza. Wewe siku ile ulikuwa wapi?"

Jovin alitazama viatu vyake. "Nilikaa naye. Alisema atakufa. Nilidhani atakufa kweli."

"Na jioni, ulipoona hafi? Na kesho yake? Una pikipiki, Jovin. Ungekuja peke yako, ukamwambia baba, hawaji, ila mimi nimekuja. Ningekufuata siku ileile, bila mbuzi wala wazee. Badala yake ukapiga simu ofisini, siku ya tatu, ukanipa jina la mama yako nilichukie."

"Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa. Lakini nilikuwepo pale uani, nimevaa, naangalia njia."

Upepo wa mlimani ulipita barazani. Jovin akanyoosha mkono kuelekea lile jani. "Nipe basi nilipeleke mimi. Leo hii."

Yuditha alilirudisha kifuani. "Hili ni la mama yako. Usijifiche nyuma yake tena."

"Sasa niende na nini?"

"Sijui."

"Nikienda mikono mitupu baba yako atanifukuza. Ameapa."

"Pengine."

"Na wewe, Yudi? Bado unanipenda, au najisumbua?"

Aliegemea ukuta na kufumba macho. "Jovin, nimesimama tangu alfajiri. Usiniulize kitu ambacho sina nguvu ya kukificha."

Alisikia kifuniko cha chupa kikizungushwa, mtori ukimiminwa. Kisha kikombe cha moto kikawekwa kiganjani mwake, na vidole vinavyonuka grisi vikavifunga vya kwake kukizunguka.

"Kunywa, basi," alisema Jovin. Yuditha alipofumbua macho, Jovin alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Alirudi wodini na kikombe kimejaa. Mama Salvina akanyoosha mkono mwenyewe apimwe. Yuditha akaifuata mashine mezani, akaufunga mkanda, akapuliza, akasikiliza. Akapima tena, kwa sababu hakuamini.

"Niambie, mwanangu."

"Imeshuka, mama. Kesho watakupeleka."

"Nilijua. Vile viti vimeondoka." Alilaza kichwa kwenye mto, kisha akakiinua tena, wasiwasi umemrudia kidogo. "Mwanangu kaenda wapi bila kuniaga? Hebu nichungulilie. Mimi barabarani naona ukungu tu."

Yuditha akasogea dirishani, jani mkono mmoja, kikombe mwingine. Jovin alikuwa ametoka getini. Alisimama upande wa hospitali, pale pale wanaposimama watu wa Rombo, kichwa kimeinama.

"Yuko kituoni, mama. Kituo cha Himo."

"Ah." Mama Salvina akashusha pumzi. "Ndivyo alivyo. Ana moyo mzuri, lakini woga wangu nilimnyonyesha na maziwa. Usimlaumu sana."

Gari la Himo likafika, likasimama, likamfunika. Konda akaita, mlango ukagongwa, wakapanda wenye vikapu. Yuditha alijiambia kwamba hajali. Alijiambia kwamba amechoka mno hata kujali, na kikombe kikainama, mtori ukamwagika kidogo kwenye dirisha. Gari likaondoka. Kituo kilikuwa kitupu.

"Amepanda?" mama aliuliza.

Yuditha aliinua macho ng'ambo, chini ya mjakaranda. Mwanamume mmoja alikuwa anafuta viganja kwenye suruali, anachomekea shati vizuri, kama mtu anayejiandaa kuingia kanisani kwa watu.

"Mwanangu, nakuuliza. Amepanda?"

"Amevuka, mama. Anangoja gari la Machame."

Mama Salvina akafanya ishara ya msalaba. "Amebeba nini?"

"Hajabeba kitu," Yuditha alisema. "Anakwenda hivyohivyo."